Maswali ya Wasomaji: Programu za magneti zinapogawanywa kwa kanda

Ukurasa huu wote mara hii ni wa wazazi na wanafunzi wa Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, jirani kabisa na Washington. Wilaya ya shule ya kaunti hiyo, inayojulikana kwa kifupi MCPS, ilitoa mwaka 2025 mpango wa kuigawa kaunti katika kanda sita. Kila kanda itakuwa na programu zake maalumu za sekondari, badala ya programu chache zinazochukua wanafunzi kutoka kaunti nzima. Mabadiliko yanalenga kuanza na darasa la 9 la mwaka wa masomo 2027-28. Barua tulizopokea zina hofu nyingi na tetesi nyingi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamooni wahariri. Hapa Silver Spring kila mtu anasema Blair inafungwa na magneti zinafutwa. Mwanangu wa kwanza alisoma pale, na wa pili naye nilikuwa namtayarisha kwa huko huko. Ni kweli zinafutwa?
*Mama wa watoto watatu, Silver Spring*

Marahaba mama. Shule ya Montgomery Blair haifungwi. Kinachobadilika ni nani anaruhusiwa kuomba nafasi pale, na kutoka wapi.

Kwa wasomaji walio mbali: magneti ni programu maalumu iliyo ndani ya shule ya kawaida ya serikali, na mtoto huingia kwa kuomba na kuchaguliwa. Mwenye kuzijua shule za vipaji maalumu za Tanzania, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala, ameshalishika wazo lake. Tofauti ni kwamba mtoto hulala kwao, na darasani yuko jengo moja na wanafunzi wa mtaa ambao hawamo kwenye programu. Magneti ya sayansi, hisabati na kompyuta ya Blair ilianza mwaka 1985 na huchukua wanafunzi wapya wapatao 100 kila mwaka. Ile ya IB, yaani Baccalaureate ya Kimataifa, katika shule ya Richard Montgomery mjini Rockville, nayo ni ya miaka ya 1980.

Neno "kaunti nzima" halijawahi kuwa na maana moja. Kwa sayansi na hisabati, kaunti imegawanywa mara mbili tangu mwaka 2006, pale Poolesville ilipogeuzwa kuwa shule ya magneti kwa ujumla wake na kuanza kupokea watoto wa upande wa kaskazini, huku Blair ikibaki na wa kusini. Baadaye Kennedy, Springbrook na Watkins Mill zilipewa IB za kanda. Kwa hiyo hatua ya sasa inaendeleza jambo lililokwishaanza, ila kwa kasi kubwa zaidi: kutoka vipande viwili hadi sita kwa mpigo, na kwa karibu fani zote.

Wakati huo huo mipaka ya shule inachorwa upya, kwa sababu shule mbili zinafunguliwa mwaka 2027: Crown huko Gaithersburg, na Charles W. Woodward iliyokuwa imefungwa tangu 1987. Mpango pia unaondoa ile mifumo miwili ya kuchagua shule, wa kaskazini-mashariki ulioanza 1998 na wa kusini wa mwaka 2004. Ndiyo maana majirani wanachanganya mambo. Mmoja anazungumzia mpaka wa mtaa, mwingine magneti, na wa tatu haki ya kuchagua kati ya Blair, Einstein, Kennedy, Northwood na Wheaton. Ukiambiwa "wamebadilisha", uliza kwanza ni lipi kati ya hayo matatu.

Binti yangu yuko darasa la 7 mwaka huu wa masomo 2025-26. Kaka yake yuko la 8. Nani kati yao anaguswa, na nifanye nini lini?
*Baba, Germantown*

Binti ndiye wa kwanza kabisa kuguswa. Ataingia darasa la 9 msimu wa vuli 2027. Kaka yake anaingia vuli 2026 kwa utaratibu wa zamani, na mpango unasema waliokwisha kuingia wataendelea walipo hadi wahitimu. Kundi lake, la mwisho la kaunti nzima, litamaliza masika ya 2030.

Kwa miaka ya karibuni maombi hufunguliwa msimu wa vuli mtoto akiwa darasa la 8, kupitia ParentVUE, tovuti ambayo mzazi huona taarifa za mtoto, na majibu hutoka majira ya baridi. Kwa binti yako maana yake ni vuli 2026. Basi kazi yako inaanza sasa, si siku dirisha litakapofunguliwa.

Kwanza hakikisha akaunti ya ParentVUE inafunguka na anwani iliyomo ni sahihi. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu familia zetu huhama nyumba za kupanga mara kwa mara, na katika mfumo wa kanda anwani ndiyo inayoamua mtoto anaona programu zipi. Ukihama Germantown kwenda Wheaton mwezi wa Novemba, waweza kujikuta uliomba programu ya kanda usiyoishi. Mkataba wa nyumba ukibadilika, upeleke shuleni wiki hiyo hiyo.

Pili, angalia hisabati. Programu ya sayansi na hisabati haimpokei vizuri mtoto ambaye hajamaliza Aljebra 1 kabla ya darasa la 9. Uchaguzi wa masomo ya darasa la 8 hufanyika katikati ya darasa la 7, na fomu hiyo huja nyumbani kimya kimya. Ikiwa shule imempangia somo la chini na alama zake ni nzuri, mwandikie mshauri wa wanafunzi barua pepe, utaje alama za darasani na za mtihani wa MAP, na uombe sababu kwa maandishi.

Tatu, MAP yenyewe. Hufanywa zaidi ya mara moja kwa mwaka na hupima kusoma na hisabati. Watoto wengi huuchukulia kama zoezi lisilohesabika kwa sababu hauingii kwenye alama za muhula, kumbe alama zake zimekuwa zikitazamwa katika uchaguzi wa programu. Mwambie binti asiubonyeze haraka haraka awahi mapumziko.

Mimi ni mhandisi. Swali langu ni moja: Blair inafundisha masomo ambayo hata baadhi ya vyuo havina. Mkigawa watoto hawa sehemu sita, masomo hayo yatabaki?
*Baba wa mapacha, Rockville*

Hili ndilo swali zito kuliko yote, kaka, na tunalijibu kwa urefu kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake ni ya kihisia, ilhali jibu lake ni la hesabu.

Nguvu ya Blair iko kwenye darasa la 11 na 12. Pale mtoto anapata fizikia ya kwanta, optiki, aljebra ya mistari, uchanganuzi wa namba changamano, nyurosayansi, akili bandia, pamoja na mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho. Masomo hayo yapo kwa sababu wanafunzi wa kuyajaza wapo. Chukua mfano: wanafunzi 100 kwa mwaka, miaka miwili ya juu, jumla 200. Mmoja kati ya wanane akitaka fizikia ya kwanta, una wanafunzi 25, darasa moja zuri. Sasa weka programu ya kanda yenye wanafunzi 50 kwa mwaka. Miaka miwili ya juu ni 100, na mmoja kati ya wanane ni 12 au 13. Mkuu wa shule ana idadi maalumu ya vipindi vya walimu. Darasa lenye wanafunzi 12 analiona kama anasa wakati Kiingereza cha darasa la 10 kina watoto 32. Somo litafutwa mwezi wa Juni, si kwa ubaya, bali kwa sababu ratiba haikubali.

Na hapo tumekisia kwamba watoto wa kanda zote wamefika na maandalizi sawa. Sivyo. Wengi wanaoingia Blair leo wamemaliza jiometri au zaidi wakiwa shule ya kati, yaani darasa la 6 hadi la 8. Programu ikipanuka, itapokea pia wenye akili ile ile waliomaliza Aljebra 1 tu kwa sababu shule yao ya kati haikuwafungulia njia. Ni jambo jema wapokelewe, ndiyo faida kubwa ya mpango huu. Lakini lazima mwaka wa kwanza uwe na njia mbili za hisabati zinazokutana baadaye, pamoja na kozi ya kiangazi kabla ya darasa la 9. Bila hivyo, ama mwalimu atapunguza mwendo kwa wote, ama nusu ya darasa itazama kabla ya Novemba.

Zipo njia za kuyaokoa masomo ya juu, na kila moja ina mahali inapovunjika.

Kufundisha kwa zamu, mwaka huu optiki na mwakani kwanta, kunajaza darasa. Kunavunjika iwapo somo moja ni sharti la jingine, kwa sababu mtoto aliyeko darasa la 12 mwaka usio wake halioni kabisa.

Kuunganisha kanda mbili kwa video ya moja kwa moja kunafaa kwa hisabati. Hakufai kwa maabara. Na kengele za shule hizo lazima zilie kwa dakika ile ile, siku zile zile. Shule moja ikiwa na mkutano wa asubuhi na nyingine haina, kipindi kimepotea.

Chuo cha Montgomery ndicho msaada mkubwa ambao wazazi wetu hawautumii vya kutosha. Kina kampasi Rockville, Germantown, na Takoma Park/Silver Spring. Chini ya sheria ya Maryland iliyopitishwa 2021 ya kuboresha elimu, mwanafunzi wa sekondari aliyefikia kiwango cha utayari anaweza kusoma masomo ya chuo bila karo. Kinachokwama ni safari ya katikati ya siku. Mtoto anahitaji vipindi viwili vya mwisho vikiwa wazi, na awe na njia ya kufika kampasi. Mshauri asipolipanga jambo hilo masika yaliyotangulia, Septemba huwa limechelewa.

Kuhusu walimu, fanya hesabu nyingine. Mwalimu wa muda wote hufundisha vipindi vitano. Programu yenye wanafunzi 60 kwa kila mwaka, masomo matatu maalumu kwa kila darasa, wanafunzi 30 kwa chumba: ni vipindi viwili mara masomo matatu mara madarasa manne, jumla 24. Hao ni walimu watano. Idadi si ya kutisha. Tatizo ni kwamba watano hao wanabeba masomo kumi na mawili tofauti, yaani kila mmoja anaandaa mawili au matatu ya kiwango cha juu, bila mwenzake wa kumuuliza ukumbi wa pili. Blair ina walimu wengi kiasi cha watu wawili kushirikiana somo moja. Mmoja akiondoka, somo halifi naye. Kwenye programu ndogo, mwalimu mmoja akihamia kaunti nyingine mwezi wa Agosti, somo limeondoka ndani ya gari lake.

Kuna muda wa kujipanga, iwapo utatumika. Programu itapanda darasa moja kila mwaka: la 9 mwaka 2027-28, la 11 mwaka 2029-30, la 12 mwaka 2030-31. Masomo mazito hayahitaji mwalimu hadi 2029. Kwa hiyo usiulize leo nani atafundisha kwanta. Uliza nani anaandaliwa, atakaa darasani Blair mwaka gani kujifunza namna somo linavyoendeshwa, na amelipiwa siku ngapi za kiangazi.

Rai yetu ni hii: mgawanyo wa kanda ni haki, na unaweza kufanikiwa, lakini brosha haifundishi mtoto. Omba ratiba kuu ya masomo ya shule, ile inayoonyesha kila kipindi na mwalimu wake. Somo ambalo halimo humo, halipo.

Shule iliyo karibu nasi imetajwa kwamba itakuwa na IB. Ni IB ile ile ya Richard Montgomery?
*Dada, Gaithersburg*

Dada, cheti ni kimoja duniani kote. Masomo sita, kila moja likiwa na alama hadi 7; insha ndefu ya maneno 4,000; nadharia ya maarifa; na shughuli za ubunifu, mazoezi na huduma. Jumla ya juu ni 45, na diploma huanzia 24. Mtihani hausahihishwi na mwalimu wa shule, kwa hiyo 38 ya Gaithersburg ni 38 ya Rockville.

Ila shule haiwi ya IB kwa kutangazwa na wilaya. Inaomba, inakubaliwa kuwa mtahiniwa, walimu wanapitia mafunzo rasmi, kisha wakaguzi wanakuja ndipo idhini hutolewa. Yote hayo huchukua kama miaka miwili au mitatu. Diploma yenyewe ni ya darasa la 11 na 12 tu, hivyo shule inaweza kufungua darasa la 9 "la maandalizi" mwaka 2027 kabla haijapata idhini. Si udanganyifu, ndivyo inavyofanyika kila mahali. Lakini uliza wazi: shule ina idhini au ni mtahiniwa? Na kama idhini itachelewa zaidi ya vuli 2029, watoto wa kundi la kwanza watapelekwa wapi?

Uliza pia ni masomo gani yatatolewa katika ngazi ya juu, ile ya saa 240, na yapi yatabaki ngazi ya kawaida ya saa 150. Shule changa mara nyingi huwa na historia na Kiingereza katika ngazi ya juu, na hukosa fizikia au hisabati. Mtoto anayetaka uhandisi anaweza kujikuta na diploma isiyo na fizikia ya ngazi ya juu.

Jambo moja la kwetu: IB inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya nyumbani kwa kujisomea, akisimamiwa na shule, ngazi ya kawaida. Kiswahili kimo. Mtoto anayekisoma na kukiandika vizuri atapata hapo somo la heshima, na mzazi atakuwa na sababu ya kuwekea vitabu vya Kiswahili rafu nyumbani. Mratibu aambiwe mwaka mmoja kabla, maana anahitaji kupanga vitabu na msimamizi.

Nafanya kazi ya zamu ya usiku hospitalini na sina wa kumpeleka mtoto. Kanda itanisaidia au ni maneno tu?
*Mama, Burtonsville*

Itakusaidia, na sisi tunaamini hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote za mpango huu. Kutoka Burtonsville hadi Poolesville ni kona hadi kona ya kaunti. Sekondari huanza saa 1:45 asubuhi kwa saa zetu na kutoka saa 8:30 mchana. Mtoto wa mbali huamka saa 10 usiku, na mzazi asiye na gari huiacha nafasi hata baada ya mtoto kuipata.

Lakini kanda fupi haimaanishi basi mlangoni. Kwa programu hizi mabasi huwa yanachukua watoto kwenye vituo vya pamoja, mara nyingi penye shule nyingine, na mzazi ndiye anayemfikisha mtoto kituoni. Usitumie kipimo cha maili mbili, ambacho wilaya hukitumia kuamua nani anapewa basi kati ya wanafunzi wa sekondari wanaokwenda shule ya mtaa wao. Kabla ya kukubali nafasi pata kwa maandishi kituo kilipo, saa ya kuondoka, na kama lipo basi la jioni baada ya michezo na vilabu. Hilo la tatu husahauliwa. Timu ya roboti au maabara ya utafiti huanza baada ya kengele, na mtoto anayelazimika kupanda basi la saa 8:30 anakosa nusu ya programu aliyoiomba.

Mabasi ya Ride On ya kaunti hayatozi nauli tangu katikati ya 2025. Mwambie mtoto aijaribu safari siku ya kazi, asubuhi yenye giza, kwa saa ile ile. Ya Jumamosi haikuonyeshi kitu. Na wiki za kwanza za Septemba mabasi ya shule huchelewa, kwa hiyo weka mpango wa akiba hadi madereva wazoee njia.

Niko darasa la 8 shule ya magneti ya Takoma Park. Kwa nini wasichague tu wenye alama za juu kaunti nzima? Si ndiyo haki?
*Mwanafunzi*

Swali zuri, mwanetu. Limefika hadi mahakamani zaidi ya mara moja.

Magneti za Marekani hazikuanzishwa ili kutafuta vipaji. Zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuenea miaka ya 1970, ili wazazi wazungu wawapeleke watoto kwa hiari katika shule zenye watoto Weusi, badala ya kulazimishwa kwa mabasi. Kuwekwa Blair na Takoma Park, kusini mwa kaunti, kulitokana na hilo. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa iliizuia kaunti hii kutumia rangi ya mtoto katika kuamua uhamisho. Tangu hapo wilaya zimekuwa zikitafuta njia zisizotaja rangi.

Njia mojawapo ni mahali unapotoka. Jirani zenu wa Fairfax, Virginia, kwenye shule ya Thomas Jefferson, waliondoa mtihani mwaka 2020 na kutenga kwa kila shule ya kati nafasi zinazolingana na asilimia 1.5 ya darasa lake la 8. Wazazi walishtaki, wakashindwa rufaa 2023, na Februari 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Hapa Montgomery, kesi kama hiyo juu ya magneti nne za shule za kati, yako ikiwemo, ilitupwa 2022.

Alama moja ya mtihani inapima kipaji pamoja na miaka ya maandalizi, na mtihani hauwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Ukichagua kwa kanda, unamlinganisha mtoto na wenzake waliopata mazingira yanayofanana naye. Hatari yake ni kwamba kanda zenyewe zinaweza kuchorwa vibaya. Kanda moja ikikusanya mitaa ya wenye nacho na nyingine ya wasio nacho, mgawanyo umehamia ramani. Tazama pia Prince George's, kaunti ya upande wa mashariki: kwa sayansi na teknolojia wana vituo vitatu vya kanda, Eleanor Roosevelt, Charles H. Flowers na Oxon Hill, na mtoto huomba kile cha eneo lake. Ni mahali pa kujifunza jinsi kanda zinavyoendeshwa kwa vitendo.

Nikipewa nafasi ya kusema mbele ya Bodi ya Elimu, niseme nini? Kiingereza changu si kizuri.
*Mzee, Wheaton*

Shikamoo mzee. Una haki ya mkalimani bila malipo katika mambo ya shule ya mtoto, kwa sheria ya shirikisho inayokataza ubaguzi wa asili ya mtu. Tafsiri za maandishi za wilaya hutoka kwa lugha kadhaa, Kiamhari ikiwemo, lakini Kiswahili huhitaji kuombwa. Omba siku kadhaa kabla, taja "Swahili", na usimtumie mjukuu kama mkalimani.

Dakika ni chache. Usieleze historia ya familia. Uliza mawili tu, yenye jibu la namba: je, kila kanda itatengewa nafasi za walimu nje ya hesabu ya kawaida ya shule, na kwa miaka mingapi? Na darasa la somo la juu litaruhusiwa kuendelea likiwa na wanafunzi wachache wangapi? Kiwango hicho kikiandikwa, mkuu wa shule atakuwa na kinga Juni ikifika.

Mpwa wangu anakuja kutoka Eldoret baada ya kumaliza Gredi ya 9. Anaweza kuingia programu hizi?
*Shangazi, Clarksburg*

Anaweza, ila mlango wake ni tofauti. Mtoto anayetoka nje ya nchi hupitia ofisi ya uandikishaji wa kimataifa ya wilaya, kwenye kituo kiitwacho Rocking Horse Road Center, Rockville. Beba pasi au cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa makazi, hati za ulezi ikiwa wazazi wanabaki Kenya, kadi ya chanjo, na ripoti za shule za miaka mitatu. Hati za ulezi ndizo huchelewesha wengi, hivyo zishughulikieni kabla ya tiketi. Maryland inadai chanjo ya Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro) na ya homa ya uti wa mgongo kwa wa darasa la 7 na zaidi, na kadi nyingi za Kenya huishia chanjo za utotoni.

Fomu itauliza lugha ya nyumbani. Mkiandika Kiswahili au Kikalenjin, atapewa kipimo cha Kiingereza cha WIDA. Andikeni ukweli. Mtoto aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kukivuka, na asipokivuka atapata msaada anaostahili.

Penye mtego ni hisabati. Kenya hufundisha aljebra, jiometri na takwimu pamoja kila mwaka, kwa hiyo ripoti yake imeandikwa "Mathematics" tu. Karani asiyejua atamweka Aljebra 1, na hapo mlango wa programu ya sayansi umefungwa kimya kimya. Leteni mtaala na madaftari yake ya mwisho, na mwombe kwa maandishi apimwe kiwango kabla ya kupangwa. Akianza darasa la 10, ulizeni kuhusu nafasi zilizo wazi na utaratibu wa wakazi wapya, maana uchaguzi wa kawaida hulenga darasa la 9. Vilevile ili ahitimu lazima awe na krediti 22 na saa za huduma kwa jamii, ambazo kwa kawaida ni 75 lakini hupunguzwa kwa anayeingia katikati. Ulizeni siku ile ile ya uandikishaji ni krediti ngapi za Kenya zimekubaliwa, na muondoke na karatasi yake mkononi.